Ghala la Data la Hospitali: Nakala Pacha Si Akiba

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kwa mwaka wa sita hufika kwenye dirisha la mapokezi bila jalada mkononi. Hutaja jina na namba yake, mhudumu hubonyeza kibodi, na baada ya sekunde chache historia yake yote hujitokeza: vipimo vya sukari vya miaka iliyopita, dozi zilizobadilishwa, picha ya eksirei aliyopigwa alipougua nimonia, na onyo kwamba dawa fulani humletea mzio. Daktari aliye chumba cha ushauri huiona historia hiyohiyo, mtaalamu wa maabara huiona, mfamasia huiona. Hakuna anayeuliza data hiyo imelala wapi. Swali hilo huulizwa siku moja tu: siku ambayo kioo cha kompyuta kinabaki kitupu na foleni inarefuka hadi uani.

Hospitali nyingi za Tanzania zimeondoka, au zinaendelea kuondoka, katika majalada ya karatasi na kuingia katika mifumo ya kielektroniki, ukiwemo mfumo wa Serikali wa GoT-HoMIS. Mjadala kuhusu mabadiliko hayo umejikita zaidi kwenye vinavyoonekana: kompyuta za wodini, mafunzo ya watumishi, kasi ya intaneti, foleni za malipo. Ghala la data, yaani mahali ambapo kumbukumbu zenyewe hukaa, limeachwa mikononi mwa kitengo cha TEHAMA kana kwamba ni jambo la nyaya na skrubu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Ukubwa wa ghala hilo, namna linavyopanuliwa na namna linavyowekewa akiba ni maamuzi ya usalama wa mgonjwa. Yanastahili kufanywa na uongozi wa hospitali, kwa bajeti, kwa maandishi, na kabla ya siku ya dharura.

Ghala la pamoja ni nini

Zamani, na katika vituo vingi hadi leo, mfumo wa hospitali huwekwa kwenye seva moja yenye diski zake. Utaratibu huo ni rahisi kuuelewa na rahisi kuununua. Udhaifu wake nao ni rahisi kuuona: seva hiyo ikiharibika ubao mkuu saa nne asubuhi, hospitali nzima husimama, hata kama diski zake ni nzima.

Ghala pepe la pamoja hutatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Seva kadhaa, kila moja ikiwa na diski zake, huunganishwa kwa mtandao wa kasi ndani ya jengo. Programu maalumu huzikusanya diski zote hizo na kuzionyesha kama chombo kimoja kikubwa. Kwa daktari na muuguzi, ghala ni moja; kwa uhalisia, kila kipande cha data kimeandikwa katika seva mbili au tatu tofauti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huitwa ghala pepe: umoja wake umetengenezwa na programu, haumo katika chuma. Seva moja ikizimika, nyingine huendelea kutoa data ileile, na mifumo iliyokuwa ikiendeshwa na seva iliyozimika huwashwa katika seva zilizobaki. Mapokezi huenda wakahisi uzito wa dakika chache tu.

Wazo la kutumia vifaa vingi vya bei nafuu badala ya kimoja cha gharama kubwa lina historia ndefu. Mwaka 1988, watafiti David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi ndogo zinavyoweza kushirikiana ili kuharibika kwa moja kusipoteze data. Baadaye wazo hilo lilivuka mipaka ya kasha moja na kuenea katika seva nyingi mtandaoni. Ceph, programu huria iliyotokana na kazi ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ni mfano mmoja. vSAN ya kampuni ya VMware, iliyoingia sokoni mwaka 2014, ni mwingine. Teknolojia hii, kwa hiyo, si ya majaribio. Hospitali ya rufaa, na hata hospitali kubwa ya wilaya, inaweza kuisimika kwa seva tatu za kawaida.

Kwa nini seva tatu, wala si mbili? Sababu yake yafaa ieleweke hata na asiye fundi. Seva mbili zikipoteza mawasiliano kati yao, kila moja huiona nyingine kama iliyokufa. Kila moja ikiendelea kuandika peke yake, hospitali itajikuta na kumbukumbu mbili zinazopingana: katika moja mgonjwa ameongezewa damu, katika nyingine hajaongezewa. Seva ya tatu hufanya kazi ya mwamuzi. Upande wenye seva mbili huendelea na kazi. Upande wenye seva moja hujinyamazisha. Anayependekeza seva mbili bila mwamuzi ili kupunguza gharama anapunguza kile hasa kinacholindwa.

Kwa sababu hiyohiyo, mtandao unaounganisha seva hizo ni sehemu ya ghala. Seva tatu zilizounganishwa kwa swichi moja zitazimika zote swichi hiyo ikiungua. Swichi mbili, nyaya zilizotenganishwa na zile zinazopitisha barua pepe na intaneti ya ofisini, pamoja na betri za kuhimili umeme unapokatika hadi jenereta iwake, ni mahitaji ya msingi. Hospitali yenye seva nzuri na mtandao dhaifu ni sawa na chumba cha upasuaji chenye taa bora na sakafu inayovuja maji.

Pacha na akiba

Baada ya ghala la namna hiyo kusimikwa, hufuata kipindi cha utulivu chenye hatari yake. Diski moja huharibika, hubadilishwa, na hakuna mgonjwa anayejua. Seva huzimwa kwa matengenezo mchana kweupe, na kazi huendelea. Uongozi huanza kuamini kwamba data haiwezi kupotea. Mkataba wa kanda au diski za akiba unapofika mwisho, huulizwa: za nini tena, wakati kila kitu kimeandikwa mara tatu?

Jibu ni kwamba nakala tatu zilizo ndani ya ghala moja ni pacha. Hula pamoja na huugua pamoja. Mtumishi akifuta kwa makosa folda ya matokeo ya maabara, programu hulitii agizo hilo na kulifuta katika seva zote tatu kwa sekunde ileile. Programu ya wahalifu ikiingia na kuzifunga faili kwa ufunguo wa siri, hufungwa mara tatu. Programu inayoendesha ghala ikiwa na kasoro, kasoro hiyo imo katika seva zote. Pacha humlinda mgonjwa dhidi ya chuma kibovu; hawamlindi dhidi ya kosa la binadamu, uovu wa binadamu, moto wala kasoro ya programu.

Akiba ni kitu kingine. Ni nakala ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, iliyotengwa na ghala kiasi kwamba agizo linaloliharibu ghala haliwezi kuifikia. Baadhi ya maghala yana uwezo wa kukumbuka hali ya jana ndani yake yenyewe. Uwezo huo hufaa pale mtu anapofuta faili moja kwa bahati mbaya. Ghala likiungua, hata hivyo, jana huungua pamoja na leo.

Mifano ya dunia inalithibitisha hilo, nayo haitoki katika taasisi maskini. Tarehe 17 Oktoba 2016, chuo kikuu cha King's College London, chenye moja ya shule kubwa za tiba nchini Uingereza, kilipoteza ghala lake kuu la data. Kilichoanza kilikuwa ni kuharibika kwa kipuri kimoja, tukio ambalo mfumo ulikuwa umetengenezwa kulihimili. Lakini ghala zima lilianguka, mifumo mingi ikasimama kwa wiki kadhaa, na baadhi ya data haikupatikana tena. Uchunguzi huru uliofuata ulionyesha kwamba baadhi ya data haikuwa imewekwa kwenye kanda za akiba, na kwamba watumishi wa kiufundi hawakuwa wameelewa kikamilifu nafasi ya kanda hizo katika ulinzi wa data ya chuo. Pacha walikuwepo, akiba ilikuwa na matundu.

Ijumaa ya tarehe 14 Mei 2021 ilikuwa zamu ya Ireland. Wahalifu walizifunga kwa ufunguo wa siri seva za shirika la umma linaloendesha huduma za afya nchini humo. Mlango wao ulikuwa barua pepe yenye faili ambayo mtumishi mmoja aliifungua mwezi Machi. Kwa takribani wiki nane walikuwa ndani bila kufukuzwa. Hospitali zilirudi kwenye kalamu na karatasi, na miadi mingi ya wagonjwa ikaahirishwa. Siku sita baadaye wahalifu walitoa ufunguo bila kulipwa, na bado kazi ya kuzifungua seva zote iliendelea hadi Septemba. Hospitali yoyote inayojiuliza kama inahitaji akiba iliyotengwa inaweza kuanzia kwenye hesabu hiyo: miezi minne, tena ikiwa na ufunguo mkononi.

Mfano wa tatu ni wa Japani, nao unaonya kwa namna nyingine. Desemba 2021, takribani terabaiti 77 za data za watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, zikiwa kwenye faili zipatazo milioni 34, zilifutwa katika ghala la kompyuta kubwa ya chuo. Kilichozifuta kilikuwa programu iliyokusudiwa kusimamia akiba, baada ya kurekebishwa kwa makosa. Kumbe hata akiba yenyewe yahitaji kukaguliwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa na kusomwa na mtumiaji wake ni matumaini tu.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni fupi, nayo hufahamika kama 3-2-1: nakala tatu za data, katika aina mbili tofauti za vyombo, na moja ikiwa nje ya jengo. Kwa hospitali ya mkoa, hii inaweza kumaanisha ghala lenyewe. Kasha la diski lililo jengo jingine na lisiloendeshwa kwa nywila zilezile za ghala. Na diski au kanda zilizofungwa kwa usimbaji, zinazopelekwa kila wiki katika hospitali nyingine kwa makubaliano ya maandishi na kukaa ndani ya kabati la chuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji teknolojia ngeni. Kinachohitajika ni mtu mwenye jukumu, daftari la kutia saini na kiongozi anayelikagua daftari hilo.

Ghala hukua hata hospitali isipokua

Hatari ya pili huja taratibu. Maandishi ya daktari huchukua nafasi ndogo mno. Picha ndizo zinazojaza ghala. Ichukuliwe hospitali ya mfano inayopiga eksirei 100 kwa siku, kila moja ikichukua megabaiti 20, na vipimo vya CT 20 kwa siku, kila kimoja kikichukua megabaiti 500. Eksirei zitatumia gigabaiti 2 na vipimo vya CT gigabaiti 10, jumla gigabaiti 12 kila siku. Kwa mwaka, hizo ni takribani terabaiti 4.4. Zikiandikwa mara tatu, ni terabaiti 13. Kwa miaka mitano, bila kuongeza hata kitanda kimoja, ni takribani terabaiti 66. Na kwa kuwa ghala salama halipaswi kujazwa zaidi ya asilimia 70 hivi, hospitali hiyo itahitaji diski za terabaiti 94.

Hesabu hiyo hufanywa kwa dakika tano, lakini hukosekana katika maandalizi ya ununuzi mwingi. Mashine ya CT hununuliwa na kuzinduliwa kwa utepe na hotuba. Ghala litakalozibeba picha zake halitajwi, au hununuliwa la kutosha mwaka mmoja. Mwaka wa pili, ofisa TEHAMA huanza kufuta picha za zamani ili kutengeneza nafasi, naye hufanya hivyo peke yake, bila mwongozo wa daktari. Picha anayoifuta inaweza kuwa ile ya miaka miwili iliyopita ambayo mtaalamu wa radiolojia angeihitaji ili kujua kama kivimbe cha pafu kimekua au kimebaki vilevile. Bila picha hiyo, mgonjwa hurudia kipimo, hulipa tena, hupokea mionzi tena, na husubiri.

Ghala lisipofutwa wala kupanuliwa, hujaa. Kujaa kwa ghala la pamoja si sawa na kujaa kwa kabati, ambapo faili za ziada huweza kuwekwa juu ya meza. Ceph, kwa mpangilio wake wa awali, hutoa onyo diski inapofikia asilimia 85, na inapofikia asilimia 95 husimamisha uandishi. Kwa lugha ya wodini: matokeo ya maabara hayaingii, dawa mpya haiandikiki, mgonjwa mpya hasajiliki. Mfumo umejilinda usiharibike, na hospitali imesimama.

Tatizo hili huongezwa na desturi ya kuahidi nafasi isiyokuwepo. Programu za ghala pepe huruhusu kila idara kupewa nafasi kubwa kwenye karatasi kuliko diski zilizopo, kwa kutegemea kwamba si wote watakaoitumia mara moja. Ni sawa na mwenye ghala la magunia sita kuwaahidi watu kumi gunia mojamoja. Desturi hiyo ina manufaa ikisimamiwa vizuri, kwa kuwa huzuia nafasi kukaa bure. Isiposimamiwa, kila idara huona ina nafasi tele hadi saa ambayo wote hukosa kwa pamoja.

Kupanua kabla ya kubanwa

Uzuri mkubwa wa ghala pepe la pamoja ni kwamba linaweza kupanuliwa bila kufunga hospitali. Diski huongezwa katika seva zilizopo, au seva mpya huongezwa pembeni, na programu huigawanya data upya taratibu. Uzuri huo ndio unaoshawishi watu kuahirisha. Kwa kuwa upanuzi unaonekana rahisi, husubiriwa hadi ghala likaribie kujaa, yaani wakati mbaya kuliko wote. Kugawanya data upya hutumia diski na mtandao kwa nguvu, na huhitaji nafasi ya kuhamishia. Ghala lililobanwa halina nafasi hiyo. Diski za zamani, ambazo zingeweza kudumu mwaka mwingine kwa kazi ya kawaida, husomwa mfululizo usiku kucha, na zilizo dhaifu huweza kufa wakati huohuo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hujengwa wagonjwa wakiwa ndani ya nyumba.

Kuna chaguo moja la kiufundi ambalo viongozi wanapaswa kulielewa kabla ya kutia saini. Hospitali yenye seva tatu na nakala tatu ikipoteza seva moja, haina mahali pa kuitengeneza upya nakala ya tatu. Kazi itaendelea, lakini kwa ulinzi uliopungua, hadi seva ipone. Na kipuri kinachoagizwa kutoka nje ya nchi huweza kuchukua wiki. Seva ya nne huibadilisha hali hiyo: moja ikifa, nakala iliyopotea hutengenezwa upya katika nyingine, mradi nafasi imeachwa. Kwa hiyo upanuzi wa kwanza wa busara, kwa hospitali nyingi, ni kuongeza seva ya nne, kuliko kujaza diski kubwa zaidi katika seva tatu zilezile. Mzabuni anayeuza diski kubwa atatoa bei ndogo kwa kila terabaiti. Bei hiyo haihesabu wiki za kusubiri kipuri.

Masharti mawili yaandamane na kila upanuzi. La kwanza, usianze kabla nakala ya akiba haijarejeshwa kwa majaribio na kuthibitishwa katika wiki hiyohiyo. La pili, ufanyike saa za kazi chache, wakuu wa wodi wakijua, na fomu za karatasi za dharura zikiwa tayari kwenye kila kituo cha wauguzi. Muuguzi asiyeambiwa kwamba mfumo unaweza kuwa mzito usiku huo atadhani kompyuta imeharibika, ataandika kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho huenda kisiingizwe tena.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba hospitali zinazokosa dawa hazipaswi kununua seva. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, swali hilo lilijibiwa siku hospitali ilipoamua kuacha karatasi. Kituo ambacho bado kinatumia majalada kinaweza kuendelea nayo kwa heshima, kikihakikisha yanatunzwa na yanapatikana. Kituo kilichoyaacha kimekwishaweka maisha ya wagonjwa wake ndani ya diski, na hakiwezi tena kuziita diski hizo anasa. Zaidi ya hayo, gharama ya programu inaweza kupunguzwa. Baada ya kampuni ya Broadcom kukamilisha ununuzi wa VMware mwezi Novemba 2023, ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuhamia kwenye leseni za kulipiwa kwa vipindi. Taasisi zilizofundisha wataalamu wake kutumia programu huria zina uhuru wa kuchagua. Zisizofanya hivyo hulipa bei zinazopangiwa. Fedha inayotumika kumsomesha ofisa TEHAMA mmoja ni uwekezaji unaobaki hospitalini, almradi hospitali ijitahidi kumbakiza naye.

Wengine hupendekeza data yote ipelekwe kwenye wingu, yaani katika seva za kampuni kubwa zilizo mbali, na hospitali isihangaike na ghala lake. Kwa nakala ya akiba, pendekezo hilo ni zuri, likizingatia sheria na usimbaji. Kwa kazi ya kila dakika, jiografia inalipinga. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Hospitali ambayo picha zake zote zingekuwa ng'ambo, siku hiyo madaktari wake wangekuwa wakisubiri wimbi la bahari liwaruhusu kusoma eksirei iliyopigwa chumba cha pili. Ghala la kazi likae karibu na mgonjwa. Akiba ikae mbali naye.

Sehemu ya mgonjwa na ya mtumishi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, na inamtaka anayezikusanya azilinde. Ulinzi huo hauishii kwenye siri. Kumbukumbu ambayo haikuvuja lakini imepotea imemdhuru mgonjwa vilevile. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, kama kumbukumbu zake zina nakala nje ya jengo hilo. Aidha, ni busara kwake kuomba na kutunza nyumbani muhtasari wa ruhusa, orodha ya dawa anazotumia, jina la dawa inayomletea mzio, na picha muhimu pale hospitali inapoweza kumpatia. Kwa mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa saratani au wa selimundu, karatasi hiyo moja huweza kumwokoa siku ambayo kioo ni kitupu.

Watumishi wa afya nao wana kazi isiyoweza kufanywa na fundi. Ni daktari, wala si ofisa TEHAMA, anayepaswa kusema picha za aina gani zitunzwe kwa miaka mingapi. Ni muuguzi anayejua taarifa ipi ikikosekana kwa saa moja italeta madhara, na ipi inaweza kusubiri hadi kesho. Orodha yake ndiyo inayopaswa kuamua kipi kirejeshwe kwanza. Na ni mtumiaji huyohuyo anayeweza kuthibitisha kwamba faili iliyorejeshwa katika jaribio inasomeka, imekamilika, na ni ya mgonjwa sahihi.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kusubiri mradi wala mfadhili. Kwanza, hali ya ghala, yaani asilimia iliyojaa, tarehe linalotarajiwa kujaa na tarehe ya jaribio la mwisho la akiba, iwe ajenda ya kudumu katika kikao cha menejimenti ya hospitali kila robo mwaka, kama zilivyo dawa na damu salama. Pili, mashine yoyote inayotoa picha isinunuliwe wala kupokelewa kama msaada bila hesabu ya nafasi itakayohitaji kwa miaka yake yote ya kazi, na fedha ya nafasi hiyo ionekane katika andiko lilelile. Tatu, kila baada ya miezi mitatu, jalada la kielektroniki lichaguliwe bila mpangilio, lirejeshwe kutoka kwenye akiba, na daktari na muuguzi watie saini kwamba wameliona na ni kamili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data, kwa bahati mbaya, huoza: diski hufa kabatini, ufunguo wa usimbaji husahauliwa, kanda husomwa na mashine ambayo haitengenezwi tena. Ndiyo maana swali la kumuuliza mganga mfawidhi katika kikao kijacho haliwezi kuwa tu kama nakala ipo. Aulizwe nakala hiyo ilirejeshwa na kusomwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyetia saini.